Nasoma biolojia mpaka saa nane usiku, na jaribio la kwanza nimepata 34

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 21, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, na nakuandikia kwa sababu sina mtu wa kumweleza jambo hili bila kumvunja moyo. Kwetu ni Sengerema. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nikaingia sekondari ya kata, na kidato cha tano na cha sita nikachukua mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Biolojia ndiyo iliyonibeba. Nilipata B, na mwalimu wangu alizoea kunisimamisha mbele ya darasa nitaje hatua zote za mgawanyiko wa seli bila kutazama daftari.

Hapa chuoni mambo yamegeuka. Kozi yetu ya utangulizi wa biolojia ina wanafunzi zaidi ya 400, na mhadhiri hupitia slaidi 60 au 70 katika mhadhara mmoja wa saa mbili. Kabla sijaelewa protini zinavyojikunja, tayari tumefika kwenye utando wa seli, na kabla utando haujatulia kichwani, tumeingia kwenye upumuaji wa seli. Sijakaa bure. Kila jioni niko maktaba mpaka inapofungwa, kisha naendelea hosteli hadi saa nane usiku. Desa tuliloachiwa na wanafunzi wa mwaka wa pili nimelisoma mara tatu, na nimelipaka kalamu za rangi mpaka karibu kila mstari una njano au kijani.

Jaribio la kwanza nimepata 34 kati ya 100. Chuoni kwetu kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60, na jaribio hili limo katika zile 40. Swali lililoniumiza zaidi lilitaka tueleze kwa nini seli nyekundu ya damu ikiwekwa katika maji safi yasiyo na chumvi hupasuka, ilhali seli ya kitunguu katika maji hayohayo haipasuki. Niliandika maana ya osmosisi (maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka) neno kwa neno kama ilivyo kwenye desa, nikaongeza maana ya utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine, nikachora na mchoro. Nilipewa alama 2 kati ya 10.

Lugha nayo inanisumbua. Mwenzangu akinieleza kwa Kiswahili naelewa, lakini nikifungua kitabu cha Kiingereza maneno yanafanana yote: mitosisi, meiosisi, mitokondria. Hipotoniki na hipertoniki niliyageuza hata ndani ya jaribio. Maabara pia naiogopa, kwa kuwa shuleni tulikuwa na hadubini moja ambayo tuliitazama kwa foleni, na sasa mwenzangu ndiye anayeshika hadubini, mimi naandika tu anachoniambia.

Baba aliuza ng'ombe wawili kujazia pale ambapo mkopo haukutosha. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ana miaka 9, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mama humpeleka kliniki kila mwezi. Siku naondoka nyumbani aliniambia nikirudi nimweleze kwa nini mifupa yake inauma. Mpaka leo sina la kumwambia. Mwenzangu wa chumbani ananishauri nihamie kozi ya sanaa, akisema huenda mimi si mtu wa sayansi. Je, nihame? Na nikibaki, nisome vipi?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dar es Salaam

*

Mwanangu,

Marahaba. Usihame, walau usihame sasa, wala si kwa sababu ya jaribio hili. Nimefundisha biolojia ya mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na alama kama yako nimeziandika kwa mkono wangu kwenye karatasi za vijana ambao baadaye walinipita mimi mwenyewe kwa elimu. Alama 34 haipimi akili yako. Inaonyesha kwamba njia iliyokupa B kidato cha sita, yaani kusoma hadi maneno yakae kichwani kwa mpangilio wake, haitoshi tena mahali ulipofika.

Litazame upya lile swali la alama 10. Liliuliza kwa nini, nawe ukajibu ni nini. Ulichoandika kilikuwa sahihi, lakini osmosisi inatokea katika seli zote mbili, kwa hiyo maana ya osmosisi peke yake haiwezi kueleza tofauti iliyopo baina yao. Tuifuate sababu polepole. Ndani ya seli nyekundu ya damu mna chumvi na protini zilizoyeyuka, ambazo nguvu yake ya kuvuta maji ni sawa na ya maji yenye chumvi ya kiasi cha asilimia 0.9. Nje, katika maji yale safi, hamna kitu kilichoyeyuka. Basi maji yanayoingia huwa mengi kuliko yanayotoka, seli inavimba, na kwa kuwa imezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili za lipidi ambao hautanuki sana, utando unapasuka na hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, inamwagika. Seli ya kitunguu nayo inaingiza maji vilevile, na vakuoli yake, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli, inajaa na kuusukuma utando kuelekea nje. Lakini huko nje utando unakutana na ukuta wa selulosi, ambao ni mgumu na unausukuma kurudi ndani. Msukumo huo unaongezeka hadi unalingana na nguvu inayoyavuta maji kuingia, na hapo ujazo wa seli hauongezeki tena. Kwa hiyo jibu limo katika ukuta, na neno ukuta halikutajwa katika kila ulichonieleza kwamba uliandika.

Mtu aliyeelewa sababu hiyo anaweza kujibu hata maswali ambayo hajapata kuyaona. Unapokata vitunguu vya kachumbari ukavichubua kwa chumvi, maji yanatoka na vipande vinalegea, kwa sababu sasa nje ndiko kuliko na chumvi nyingi, na utando wa seli unajitenga na ukuta wake. Muuza mchicha sokoni hunyunyizia mafungu yake maji kila baada ya muda ili seli zijae tena na majani yasimame. Muuguzi hamtundikii mgonjwa dripu ya maji matupu; humtundikia yenye chumvi ya asilimia 0.9, maana ukishajibu swali lako la jaribio unajua kingetokea nini katika mishipa yake. Hayo yote ni swali lilelile, na mtunga mtihani anaweza kukuletea lolote kati yake. Desa halitakuwa nalo.

Sasa niseme juu ya hizo kalamu za rangi, kwa sababu nadhani ndizo zinazokudanganya. Ukisoma ukurasa mara ya tatu unauona kama mwenyeji, macho yanateleza, na unaamini kwamba unaujua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu matini fupi za sayansi wazisome. Baadhi ya matini walizisoma tena, na nyingine hawakuzisoma tena, bali walitakiwa kuandika yote waliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, kurudia kusoma kulionekana kushinda kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kwa matini walizojiandikia kutoka kichwani walikumbuka kiasi cha asilimia 56, na kwa zile walizozirudia kwa kusoma, asilimia 42. Wewe jaribio lako haliji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ileile ya mhadhara, kabla hujagusa desa, chukua karatasi tupu na kwa dakika 20 uandike na kuchora kila unachokumbuka, huku kila unapoweka jambo ukijiuliza limesababishwa na nini na linasababisha nini. Patakuwa na mapengo mengi na utajisikia vibaya, na ninakuomba uvumilie, kwa maana kujilazimisha kukumbuka ndiko kunakoijenga kumbukumbu. Kisha fungua daftari, jaza mapengo kwa kalamu nyekundu, na karatasi hiyo uihifadhi. Baada ya siku mbili rudia kwa karatasi mpya, na wiki inayofuata rudia tena. Slaidi 70 zikipita katika mkono wako namna hiyo, huwa zimebaki sababu nane au tisa kubwa na majina yanayoning'inia juu yake. Na ulale. Yale uliyosoma mchana hujikaza kichwani wakati wa usingizi, na anayesoma hadi saa nane akaamka saa kumi na mbili anabomoa sehemu ya kile alichokijenga. Saa tano usiku funga vitabu.

Kuhusu lugha, nitakuambia jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawalikubali, nami nalisimamia: fikiri kwanza kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza na hilo halikwepeki, lakini kuelewa na kuandika kwa Kiingereza ni kazi mbili, na wewe unajaribu kuzifanya kwa pumzi moja. Mweleze mwenzako jambo zima kwa Kiswahili mpaka asiwe na swali, kisha keti uliandike kwa Kiingereza katika sentensi fupi za kwako mwenyewe, usizichukue kwenye desa. Hayo maneno yanayofanana yana nasaba, na ukiijua nasaba hutayachanganya. Mengi yanatoka katika Kigiriki. Mitos ni uzi. Mitosisi imeitwa hivyo kwa kuwa wale waliotazama kiini kikigawanyika waliona nyuzi, na mitokondria ni uzi na chembe, kwa jinsi zilivyoonekana katika hadubini za wakati ule. Meiosisi maana yake ni kupungua, na kazi yake ni hiyohiyo, kupunguza kromosomu 46 za binadamu kuwa 23 katika yai au mbegu. Hipo ni chini, hiper ni juu: maji ya hipotoniki yana vitu vilivyoyeyuka vichache kuliko seli, ya hipertoniki yana vingi zaidi. Tenga kurasa chache za daftari kwa ajili ya mizizi ya namna hii, na utashangaa jinsi maneno 30 yanavyofungua mamia.

Hadubini ni jambo dogo kuliko unavyolifikiria, na dawa yake ni kuishika. Mwombe mtaalamu wa maabara wenu nusu saa nje ya vipindi. Wengi hufurahi kuombwa. Anza daima na lenzi fupi, ile inayokupa ukuzaji wa mara 40, upate picha, ndipo upande hadi 400, na ukiwa na lenzi ndefu usiguse kabisa kile kirungu kikubwa cha kurekebishia, tumia kidogo peke yake, kwa sababu kikubwa kinaweza kuigonga lenzi kwenye kioo na kukivunja. Kwenye zoezi lijalo mwambie mwenzako kwamba leo yeye ndiye atakayeandika.

Nije kwa mdogo wako, ambaye nimemwacha hadi hapa kwa makusudi. Umemtaja kana kwamba ni habari za nyumbani zilizo kando ya masomo, na mimi naona kwamba swali lake ndilo kozi yako nzima.

Katika DNA yake, ndani ya jeni inayotoa maelekezo ya sehemu moja ya hemoglobini, herufi moja imebadilika: palipokuwa na GAG pamekuwa GTG. Kwa sababu hiyo, katika mnyororo wa asidi amino 146, yaani vipande vinavyoiunda protini hiyo, ile ya sita ambayo ingekuwa asidi ya glutamiki imekuwa valini. Glutamiki ina chaji ya umeme na inapenda maji, valini inayakimbia. Hemoglobini inapoachilia oksijeni, mahali hapo pa valini panajibana na hemoglobini ya jirani, nayo na nyingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta seli mpaka inapinda kama mundu, na ndiko jina lilikotoka. Seli nyekundu ya kawaida, yenye upana wa mikromita 7 au 8, inajikunja na kupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Hii iliyopinda haijikunji. Inakwama, nyingine zinakwama nyuma yake, sehemu ya mfupa inakosa oksijeni, na mtoto analia kwamba mfupa unamuuma. Seli ya kawaida huishi siku kama 120, ya selimundu siku 10 hadi 20 tu, na uboho hauwezi kufidia zote, ndiyo maana anapungukiwa damu na kuchoka. Kliniki huwahimiza watoto hawa wanywe maji mengi, na sababu yake ni swali lako la alama 10 likiwa limevaa nguo nyingine: mwili ukikaukiwa, seli nyekundu inapoteza maji kwa osmosisi, hemoglobini ndani yake inasongamana, na iliyosongamana hushikana upesi zaidi.

Hesabu sasa umepitia mada ngapi: kemia ya asidi amino, umbo la protini, DNA inavyosomwa, utando, osmosisi, usafirishaji wa oksijeni. Mbele yenu muhula huu kuna urithi, na hapo utakuta kwamba wazazi wako kwa kawaida watakuwa wamebeba nakala moja ya jeni hii iliyobadilika kila mmoja bila kuugua, na kwamba katika kila ujauzito uwezekano wa mtoto kupata nakala zote mbili ni mmoja kati ya minne. Zingatia maneno kila ujauzito. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuandika kwamba kati ya watoto wanne lazima mmoja augue, na zaidi ya alama, kuna akina mama wanaolaumiwa bure kwa kutojua hesabu hii.

Kisha mtafika kwenye mageuko, mtaulizwa kwa nini jeni yenye madhara haijatoweka. Jibu lake lilipatikana huku kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa maeneo mbalimbali ya Kenya mwaka 1949, akaona kwamba wabebaji wa jeni hii ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria imeenea, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja analindwa dhidi ya malaria. Kwenu Sengerema mko kando ya ziwa hilohilo. Jeni inayomtesa mdogo wako, ikiwa nakala moja tu, huenda ndiyo iliyowavusha baadhi ya mababu zenu utotoni.

Ninapendekeza utundike karatasi kubwa ukutani juu ya kitanda chako, katikati uandike selimundu, na kila mhadhara unaoingia utafute mahali unaposhikia. Si kila kitu kitashika. Usanisinuru utauwekea mmea wake, na uainishaji wa viumbe utalazimika kuukariri kwa sehemu, maana kukariri hakujafutwa, ila sasa kutakuwa na pa kuegemea. Mwenzako wa chumbani usimlaumu kwa ushauri wake; huenda alikuona unaumia. Ukishasoma kwa njia hii muhula mzima, ukagundua kwamba somo lenyewe huliachi kwa sababu ya ng'ombe wa baba tu, hapo tuandikiane tena juu ya kuhama, na hakutakuwa na aibu yoyote.

Wiki hii fanya mambo mawili. Liandike upya jibu la lile swali bila kutazama barua hii, ulipeleke kwa mhadhiri wako saa anazopokea wanafunzi, umwombe akuonyeshe angelipa alama ngapi na zipi zimepungua. La pili, mwandikie mdogo wako jibu lake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, bila neno hata moja ambalo mtoto wa miaka 9 hawezi kulielewa. Utakapokwama katika kuandika ndipo pale ambapo bado hujaelewa, parudie. Ukimaliza, kabla hujampelekea, nitumie nakala niisome.

Mwalimu wako